Adui wa Kupewa

Somo: Mithali 25:21-22

Wapendwa katika Bwana, mashabiki wa ndondi wakiwalinganisha Joe Louis na Max Schmeling hawachelewi kuamua. Louis, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Alabama, alishika ubingwa wa dunia wa uzito wa juu kuanzia 1937 hadi 1949, akautetea mara 25. Schmeling, Mjerumani, aliupata 1930 akiwa sakafuni, baada ya mpinzani wake, Jack Sharkey, kumpiga chini ya mkanda na kuondolewa pambanoni kwa kosa hilo. Miaka miwili baadaye ukamtoka.

Walikutana mara mbili, zote katika uwanja wa Yankee, New York. Juni 1936 Schmeling alikuja akijua siri moja: Louis akirusha ngumi ya kushoto, mkono hushuka kabla hajaurudisha kujikinga. Akaingoja nafasi hiyo raundi baada ya raundi, na katika ya 12 akamwangusha. Tarehe 22 Juni 1938 wakarudiana mbele ya watu wapatao 70,000. Louis alimmaliza kwa sekunde 124.

Hawa wawili hawakuchokozana. Uadui walipewa. Utawala wa Hitler ulimfanya Schmeling kielelezo cha ubora wa damu yao, na Marekani ikamtwika Louis heshima ya taifa ambalo lenyewe lilikuwa likimbagua. Mapema 1942 jeshi la majini la Marekani bado liliwapokea weusi kwa kazi za jikoni na kuhudumia mezani tu. Januari ya mwaka huohuo Louis alipigana na Buddy Baer, na pato lake akalitoa kwa mfuko wa kusaidia familia za wanamaji wa jeshi hilo. Mimi jambo hilo naliweka juu ya mataji yake yote.

Schmeling simpambi. Alikaa meza moja na Hitler, na ushindi wake wa 1936 ulitumiwa vibaya huku yeye akiona. Hata hivyo hakujiunga na chama cha Nazi, na alipotakiwa kuachana na meneja wake Myahudi, Joe Jacobs, alikataa. Novemba 1938, miezi michache baada ya kipigo kile, masinagogi ya Ujerumani yalipochomwa moto, aliwaficha vijana wawili wa Kiyahudi katika chumba chake cha hoteli Berlin. Hakujitangaza. Habari ilijulikana 1989, kijana mmojawapo, sasa mtu mzima, alipoisimulia mwenyewe.

Vita vilipokwisha, Schmeling alifanikiwa katika biashara ya vinywaji. Louis alielemewa na madeni ya kodi, akarudi ulingoni umri ukiwa umepita, na mwishowe akafanya kazi ya kuwakaribisha wageni katika kasino ya Las Vegas. Mwaka 1954 Schmeling alimfuata Marekani, wakawa marafiki. Alimsaidia kwa fedha, na Louis alipofariki 1981, alichangia gharama za mazishi.

Tusome tena Mithali. Haisemi adui yako akiomba radhi, wala akikiri kosa. Inasema akiwa na njaa, mpe chakula. Macho yetu yanaelekezwa kwenye tumbo la mtu, siyo kwenye faili la makosa yake. Na wengi tunaowaita maadui tumewarithi: ugomvi wa mpaka wa shamba ulioanza kabla hatujazaliwa, ukoo tuliokatazwa kuoa kwao, kwaya ya pili ya usharika huuhuu ambayo hatuimbi nayo na hakuna anayekumbuka sababu.

Katika jumuiya zetu wiki hii, kila mmoja amtajie Mungu moyoni jina moja la mtu wa namna hiyo. Ajiulize ni nani aliyemfundisha kumchukia. Kisha atafute kujua mtu huyo anahitaji nini hivi sasa, na kama kipo mkononi mwake, ampelekee kabla ya Jumapili.