Goli la Tshabalala tulilolishangilia Mwanjelwa

Droo ya Kombe la Dunia 2026 imewakutanisha tena Mexico na Afrika Kusini kwenye mechi ya ufunguzi, tarehe 11 Juni, tarehe ile ile ya mwaka 2010. Ilipotoka tu, simu yangu hapa Toronto ilijaa meseji kutoka Mbeya. Wote walitaja jina moja: Tshabalala, aliyeifungia Afrika Kusini siku ile ya 2010.

Goli lile nililiona kwenye kibanda umiza pale Mwanjelwa. Tulilipa kiingilio mlangoni tukabanana kwenye mabenchi, waliochelewa wakaegemea mabati huko nyuma. Juni Mbeya ni baridi kweli kweli; kila mtu ana koti, kofia za sufu zimevutwa mpaka masikioni. Runinga ni moja, imewekwa juu ya meza mbili zilizobebana ili hata wa nyuma waone.

Kipindi cha kwanza tuliteseka. Mexico walitawala mpira, kipa wa Afrika Kusini, Khune, akatuokoa. Baba mdogo, ambaye tangu utoto wetu alikuwa hachoki kutusimulia Tukuyu Stars walivyopanda daraja na papo hapo kuubeba ubingwa wa 1986, siku hiyo alikaa kimya. Ukiona yeye kanyamaza kwenye mpira, ujue hali si nzuri.

Dakika ya 55. Mpira umenyakuliwa, pasi za haraka haraka, Dikgacoi akaupenyeza upande wa kushoto nyuma ya mabeki. Tshabalala alishachomoka zamani. Akauweka sawa, kisha akaachia shuti la mguu wa kushoto. Mpira ukakata boksi mshazari na kuzama kona ya juu, upande wa mbali kabisa. Kipa Pérez aliruka, hakuambulia kitu.

Mabenchi yalipinduka. Baba mdogo, mtu mzima na heshima zake, alininyanyua juu juu huku akipiga kelele kwa Kinyakyusa. Mama aliyekuwa akiuza chai na maandazi nje akaingia mbio, birika bado mkononi, akiuliza kuna nini. Kijana mmoja akamjibu, "Tumefunga, mama!" Akapiga vigelegele pale pale, chai inamwagika. Hakuna aliyesema Afrika Kusini wamefunga. Lilikuwa Kombe la Dunia la kwanza kuchezwa Afrika, na goli la kwanza la kombe hilo alilifunga mtoto wa Soweto. Kwetu sisi lilikuwa goli la nyumbani.

Márquez alisawazisha dakika ya 79, ikaisha 1-1. Roho iliuma, lakini tuliondoka tukiliongelea goli njia nzima.

Nimeona magoli mengi tangu nihamie huku, mengine ya ufundi mkubwa zaidi. Hakuna lililonishika namna ile. Hulirudia kwenye simu nikiwa kwenye treni asubuhi, picha safi kabisa, ila kelele zinazosikika ni za uwanjani, Soccer City. Za Mwanjelwa hazikurekodiwa, tunazo sisi tuliokuwamo mle ndani, na wengi wetu tumeshatawanyika.

Safari hii mpira utaanza saa 9 alasiri kwangu, saa 4 usiku Mbeya. Ruhusa kazini nimeshaomba. Baba mdogo ameniagiza nimpigie simu ya video kabla ya filimbi ya kwanza na nisikate mpaka mwisho. Bando lake nitanunua mimi.