Binti wa Bi Mdogo Katika Kanisa la Watakatifu

Majirani zetu hapa Bagamoyo wakisikia kwamba mtoto wa nyumba ya Kiislamu alibatizwa, hudhani kwamba ugomvi wangu ni na ndugu zangu. Ndugu zangu walikwisha kunisamehe zamani, au pengine wamechoka kuuliza. Ugomvi wangu ni na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi huliita la Wamormoni, nami ninagombana nalo huku sitaki kuondoka.

Mimi ni binti wa bi mdogo. Nililelewa na mama wawili katika ua mmoja, nikajua jinsi zamu zinavyohesabiwa, jinsi kanga zinavyonunuliwa za aina moja ili pasiwe na neno, na jinsi mwanamke anavyoweza kupendwa na bado akaishi akijipima na mwenzake kila siku. Ndiyo maana nilifarijika wamisionari waliponieleza kwamba kanisa lao liliacha mitala kwa tamko la Wilford Woodruff, rais wa kanisa wakati huo, la mwaka 1890. Yaliyotangulia tamko hilo niliyasoma baadaye, katika makala ambayo kanisa lenyewe liliitoa mwaka 2014, likikiri kwamba Joseph Smith, nabii wake wa kwanza, anakadiriwa kuwa na wake kati ya 30 na 40, wengine wakiwa tayari na waume, na kwamba msichana Helen Mar Kimball aliunganishwa naye, yaani alifungishwa naye ndoa ya milele, ikiwa imebaki miezi kadhaa atimize miaka 15. Makala hiyo inaeleza kwamba huenda ndoa ile ilikuwa ya maisha ya baada ya kifo tu, si ya unyumba. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi na bado hainipi usingizi.

Nilipomsimulia mama, alicheka hadi akafuta machozi kwa pindo la kanga. "Mwanangu, sisi tuliwekewa wanne na sharti la uadilifu, na bado tulikiona cha mtema kuni. Huyo wenu alizigawa vipi zamu?"

Nilicheka naye, lakini kwa umri wa Helen sikuweza kucheka, kwa kuwa kazi yangu ni kuwasaidia wanawake katika mambo ya sheria. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, ilhali mvulana alitakiwa kufikisha 18, na mahakama iliweza kuruhusu ndoa hata ya miaka 14. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alipoipinga na kushinda Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani ikamthibitishia ushindi huo mwaka 2019, nilishangilia kama niliyeshinda mwenyewe. Siwezi kumwambia mzazi siku ya Jumatatu kwamba kumwoza binti wa miaka 14 ni dhuluma, kisha Jumapili nikakubali kwamba kwa Helen, mwaka 1843, yalikuwa mapenzi ya Mungu.

Mengine yananikera kwa kiasi kidogo. Kwamba mvulana hupewa ukuhani mwaka anaofikisha miaka 12 na kupitisha sakramenti, yaani mkate na maji ya ibada, mbele ya bibi aliyelijenga tawi letu la kanisa, wakati bibi huyo hatapewa kamwe, nimelizoea bila kulikubali. Ninajua pia kwamba Sonia Johnson alitengwa na kanisa mwaka 1979 kwa kupigania haki sawa katika katiba ya Marekani, na Kate Kelly mwaka 2014 kwa kudai ukuhani wa wanawake. Kwa hiyo ninachagua maneno yangu.

Basi kwa nini nipo? Nipo kwa sababu ya Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama, ulioanzishwa mjini Nauvoo, Marekani, mwaka 1842, Emma Smith, mke wa Joseph, akiwa rais wake, na ambao hadi leo ndio unaonigongea mlango nikiugua. Nipo kwa sababu ya Martha Hughes Cannon, daktari na mke wa nne, aliyegombea useneta wa jimbo la Utah mwaka 1896, mumewe naye akiwa miongoni mwa wagombea, akashinda yeye na mume akashindwa. (Bi mkubwa wetu alipenda sana kisa hicho, alinitaka nikirudie kila Idi.) Na nipo kwa sababu sijapata kanisa jingine linalofundisha kwamba tunaye Mama wa Mbinguni, ijapokuwa mwaka 1991 Gordon B. Hinckley, mmoja wa viongozi wakuu wa kanisa, alituelekeza tusimwombe. Kwa mtoto aliyekuwa na mama wawili wa kuwaita usiku, agizo hilo ni zito.

Sasa nimechumbiwa. Ni mgane, mpole, muumini wa kweli, aliyeunganishwa na marehemu mkewe kwa milele hekaluni, na anatamani twende hekalu la Nairobi tuunganishwe sisi pia. Utaratibu unamruhusu, kwa kuwa mwanamume aliyefiwa anaweza kuunganishwa na mke mwingine bila kumwacha wa kwanza, ilhali mwanamke aliye hai huunganishwa na mume mmoja tu. Kumbe mitala iliondolewa duniani ikaachwa mbinguni, na mimi niliyetoka katika nyumba ya zamu ninaombwa niwe bi mdogo wa milele. Kiongozi mmoja niliyemuuliza aliniambia Mungu atayanyoosha yote huko mbele. Inawezekana, lakini mimi ndiye ninayetakiwa kupiga magoti hekaluni na kukubali kabla hayajanyooshwa.

Nimemwambia mchumba wangu tuoane kwa sheria za nchi, na habari ya hekalu aniachie mwenyewe, hata kama jibu langu litakuwa hapana. Amekubali kwa shingo upande. Mama, kwa upande wake, ameshaanza kuulizia mahari.