Duka halina mlango, nilifunge wapi?

Juzi nimeunguza shira. Asiyejua ataona jambo dogo, ila udi wa kupika wote uko hapo kwenye shira, unaweka sukari na maji moto mdogo unakoroga mpaka ianze kuvuta kwenye mwiko, hapo unatia udi, unakoroga tena, manukato yanakuja mwisho ukishaepua, na katikati hapo hutakiwi hata kwenda kumfungulia mtu hodi mana shira haimsubiri mtu. Mie udi nishatia, simu ikalia. Nikajisemea nitizame tu.

"Bei?"

Hakuna salamu hakuna nini. Nikajibu. "Kopo dogo je?" Nikajibu. "Mnaleta mpaka Fuoni?" Tunaleta dada, nauli juu yako. "Picha nyengine hamna?" Nikaanza kutafuta picha, na simu yangu ina picha za makopo tu toka juu mpaka chini, nikaja kushtuka na harufu. Harufu ya kuungua ikishaingia haitoki, utie miski utie ambari, ukiuchoma ule udi nyumba nzima inanuka sukari iliyoungua. Sufuria zima nikamwaga. Yule dada akaandika "sawa ntakutafuta". Mnaouza mtandaoni mnalijua hilo neno, ntakutafuta ni kwaheri ya kistaarabu.

Nikakaa juu ya mbuzi ya nazi pale jikoni nikacheka peke yangu, mana hii biashara mie niliianza kwa ajili ya uhuru.

Nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja huko kaskazini mwa Unguja, miaka minne, daladala ya 116 alfajiri, shifti za usiku, sikukuu wenzangu wako Mnazi Mmoja na nguo zao mpya mie nampa mgeni kadi ya mlango na tabasamu. Machi 2020 korona ilipokuja wageni wakakatika, tukaambiwa nendeni nyumbani tutawaita. Nikaanza kutengeneza singo ya kujisugulia mwili na udi kwa ajili ya harusi ya binti wa mama mkubwa, nikapiga picha makopo kumi na mbili nikaweka status, yakaisha kabla ya Ishaa. Hoteli walipokuja kuniita nkawaambia ahsanteni. Yani nilikuwa najiona! Nalala nnapotaka, naamka nnapotaka, bosi mie mwenyewe.

Ehe. Kule hotelini bosi nilikuwa naye mmoja tu, na alikuwa na saa zake za kulala. Sasa ile orodha ya WhatsApp ya kutumia watu wengi kwa pamoja inaingia watu 256, na mie ninazo mbili zimejaa. Hesabu mabosi. Na status inaishi saa 24 tu, kwahiyo usipoweka leo kesho watu washakuzika, "dada umeacha biashara?" Umwa siku mbili uone.

Ila kinachoniuma roho hasa ni mjomba wangu. Ana duka la vitambaa Darajani, Ijumaa ikifika saa sita anavuta mlango anatia kufuli anakwenda zake msikitini, akitoka anakula, analala kidogo, saa kumi ndo anarudi kufungua. Sijawahi kusikia mteja kamtukana. Mtu akikuta kufuli anageuka, Ijumaa hii. Mtu huyohuyo akinikuta mie sijajibu saa saba mchana wa Ijumaa hiyohiyo, na yeye mwenyewe alitakiwa awe kwenye swala, ananitupia alama za kuuliza tatu, halafu "mbona mnaringa". Siku moja nkamuuliza mjomba siri yake nini, akanitizama kama nimechanganyikiwa. "Siri ya nini mwanangu, mlango ukifungwa umefungwa." Sasa lake si lina mlango.

Siku pekee ambayo duka langu lilifungwa kikweli sikulifunga mie. Mei 12, 2024, Jumapili, nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, Tanzania na majirani kibao tukabaki tunatizamana. (Sie Wazanzibari na nyaya za baharini tuna historia, ule wa umeme ulipokufa Disemba 2009 tulikaa kizani mpaka Machi 2010, mie niko skuli bado, nasoma kwa kibatari.) Asubuhi nilihangaika kama kuku anayetaka kutaga, nazima data nawasha, nasogea dirishani, napanda juu, nashuka. Kufika adhuhuri nikachoka. Jioni nikajikuta nimekaa barazani na mama tunachagua mchele, simu sijui hata nimeiacha chumba gani, mama akanyamaza akaniangalia, akasema, "Leo una macho."

Nkamuuliza macho vipi mama.

"Siku zote naongea na utosi wako."

Sikuwa na la kujibu, nikaendelea kutoa chuya.

Toka hapo nimeweka utaratibu, kuanzia Magharibi mpaka saa mbili asubuhi simu ya biashara inalala kwenye kabati la vyombo, na WhatsApp ya biashara inajibu yenyewe kwamba asalam aleikum, duka limefungwa, tutafungua saa mbili inshaallah. Wiki ya mwanzo mtu kanijibu "duka gani wewe si uko nyumbani". Na ni kweli, nipo nyumbani, ndo tabu yenyewe hiyo! Ungekuwa unatoka ukapanda daladala watu wangejua hii saa ya kazi na hii si ya kazi, lakini jiko ndo kiwanda, chumba ndo stoo, na mie ndo keshia, sasa nafunga nini na naacha wazi nini hata mwenyewe sijui vizuri. Mtoto wa dada ananisaidia mchana kujibu, mwepesi kuliko mie, ila anampunguzia mtu bei hata hajaomba.

Na hasara ipo nisiwadanganye. Bibi harusi mmoja alitaka singo na liwa, mzigo mkubwa, kauliza saa nne za usiku, asubuhi namjibu keshapata kwengine. Siku nzima nilikuwa sina raha, nikitizama lile kabati natamani kulipiga teke. Ramadhani ndo kabisa, likiingia kumi la mwisho utaratibu wote unakwenda na maji, mana watu wanaagiza wakitoka tarawehe mpaka daku na hapo ndo inapopatikana faida ya mwaka, kwahiyo nalala na simu mkononi kama wengine wote. Wale wanaotufundisha mitandaoni tuamke saa kumi alfajiri tuandike malengo ya siku kwenye daftari, nawaheshimu, ila saa kumi alfajiri Ramadhani mie nafunga makopo ya boti ya saa moja.

Wiki ijayo nakwenda Pemba, Wete kwa shangazi, na mizigo ya wateja wa Chake naibeba mwenyewe humohumo. Kuna kipande cha safari nnakipenda, boti ishaiacha Nungwi, ishaingia kwenye mkondo wa bahari, mtandao unakatika, watu wanatapika kwenye mifuko, na mie nimekaa kwa raha zangu simu haina hata alama moja. Halafu bandari ya Mkoani inaanza kuonekana kwa mbali, minazi, mabati, na simu kwenye mkoba inaanza kutikisika, inatikisika, haiachi, mpaka safari ile iliyopita bibi mmoja aliyekaa pembeni yangu akanishika mkono kwa huruma.

"Mwanangu, kuna msiba?"

Nkamwambia hapana bibi, wanauliza bei.