Ghala la Uyole: kamera iliyokuwa inakufa kila giza likiingia

Imekaa. Huu ni usiku wa tatu kamera ya kuzunguka ya nyuma ya ghala haijazima hata mara moja, na mimi nimelala kama mtu. Kabla ya hapo ilinila wiki mbili na nusu.

Hali ilikuwa hivi. Ghala la viazi la baba mdogo, Uyole, Mbeya, lina kamera tano za kawaida, akses pointi moja (ya kurusha WiFi) na hiyo ya kuzunguka, zote kwenye swichi ya poti nane inayozipa umeme kwa waya huo huo wa mtandao, ndiyo inaitwa PoE. Mchana kila kitu kinapendeza. Ikifika saa moja jioni, kamera ya kuzunguka inazima. Baada ya dakika inawaka, inazungusha shingo kushoto, kulia, inajipima, inatulia kidogo, inazima tena. Usiku kucha. Baba mdogo akanipigia: "Mwanangu, hiyo kamera yako inamtafuta mwizi au inacheza ngoma?" Nikamwambia shikamoo, nakuja kesho.

Kosa la kwanza nakiri ni langu. Nilisoma "wati 30 kwa poti" kwenye boksi nikaridhika. Adapta nyuma imeandikwa volti 48, ampea 1.25, yaani wati 60 kwa poti zote nane. Mchana vifaa vyangu vinakula kama 43. Usiku taa za infraredi, za kuonea gizani, zinawaka kwa pamoja na hesabu inapanda hadi 72. Swichi haina huruma: inamkata wa poti ya mwisho, na kamera ya kuzunguka ilikuwa poti 8. Akikatwa, nafasi inapatikana, anarudishwa. Akiwasha taa zake, anakatwa tena. Ndiyo ngoma yenyewe.

Nikaihamishia poti 1. Ikakaa, halafu ikafa ya mlangoni iliyohamia poti 8. Nikafunga adapta ya ampea 2.5 niliyokuwa nayo kwenye boksi la makorokoro: haikusaidia kitu, kwa sababu kikomo kimewekwa ndani ya swichi yenyewe. Inajua 60, utailisha 120 na bado itahesabu 60.

Basi nikanunua swichi iliyotumika ya wati 120, ile ambayo unaingia kwenye ukurasa wake unaona kila poti inakula ngapi. Jioni nikakaa nayo na chai. Jumla wati 74, nafasi tele. Saa moja na robo, kamera ya kuzunguka ikazima.

Nilitamani kuitupa milima ya Uporoto.

Safari hii ilikuwa yenyewe tu, wenzake wote wazima. Nikaishusha, nikaichomeka mezani kwa waya wa mita mbili, nikaifunika kwa koti ili ijue ni usiku, nikaizungusha saa nzima. Haikutetereka. Kwa hiyo kamera nzima na swichi nzima. Kikabaki kitu nilichokuwa nimekiapia: kebo, mita 85, niliyoivuta mwenyewe juu ya kenchi kwenye baridi ya mwezi wa saba.

Tesita ya taa nane ikasema safi. Hiyo tesita sasa ni ya kuchezea watoto. Inakwambia waya umefika, haikwambii umefikaje. Nikachukua wembe nikakwangua waya mmoja wa ndani ya kebo. Chini ya ile rangi ya shaba, mweupe. Nikaupinda mara tatu, ukakatika. Alumini iliyopakwa shaba, na kwenye boksi haikuandikwa popote.

Hapo multimita ya kawaida ndiyo ikaniokoa. Nikasokota pamoja nyaya mbili za jozi moja upande wa kamera, nikapima ukinzani upande wa swichi: omu 27. Shaba halisi ya urefu huo ingesoma kama 16. PoE inatumia jozi mbili, moja kwenda na moja kurudi, na nyaya za kila jozi zinabeba pamoja, kwa hiyo njia nzima ni nusu ya hapo, omu 13.5. Kamera ikiwa na taa na mota inataka wati 22. Swichi yangu inatoa volti 48 kavu, wakati kiwango cha PoE ya wati 30, 802.3at, kinataka 50 hadi 57. Nikapima upande wa kamera ikiwa imewaka: 40.7. Kifaa kinatakiwa kipate angalau 42.5. Volti saba zimeliwa njiani zikipasha joto kenchi za baba mdogo.

(Kuna aliyenishauri nibonyeze kile kitufe cha mita 250 cha kwenye swichi. Kile kinashusha kasi hadi megabiti 10 ili data ifike mbali. Volti hakikuongezei.)

Nikashuka sokoni Mwanjelwa na wembe mfukoni. Duka la kwanza muuzaji alinikataza kukwangua, nikaondoka. La pili akakwangua mwenyewe. Shaba mpaka ndani. Nimevuta upya, mita zile zile: volti 44 upande wa kamera, na ukurasa wa swichi unasoma wati 24 pale ulipokuwa unasoma 26.

Wiki hii ilikuwa ya kutenganisha mtandao wa kamera na wa ofisi. Haitafanyika. Nimefungua swichi nikakuta ndani inakula volti 48 moja kwa moja, na betri nne za volti 12 zikifuatana ni 48, umeme ukikatika kamera zinaendelea bila inveta. Zikiwa zimejaa ni kama 51, hata volti zangu zinapona. Tatizo ni chaja: ikisukuma 14.4 kwa kila betri inafika 57.6, juu ya mwisho wa 57. Natafuta chaja inayoishia 13.6. Betri moja nimeshaazima kwa jirani, ya trekta, na hajaambiwa ni ya nini.