Maji yenye mstari

Andiko langu la kwanza la kuombea PhD lilianza na mimi nikiwa na miaka saba, nimefunikwa khanga mbili, natetemeka kwa malaria. Nililipenda mno. Nikamtumia dada mmoja aliyenitangulia chuoni, sasa yuko Marekani mwaka wa tatu wa uzamivu. Akanijibu kwa sauti WhatsApp, sekunde 12 tu: "Mdogo wangu, malaria sote tumeugua. Futa. Nieleze maabara ilikushinda wapi."

Nikauchuna siku mbili. Kisha nikafungua daftari langu la maabara la mwaka jana.

Kazi yangu hapa Mwanza ni kupima kwa PCR, njia ya kuzalisha nakala nyingi za DNA, matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi. Tunaangalia jeni ya kelch13, maana ikibadilika mahali fulani, kimelea cha malaria huanza kuvumilia artemisinini, dawa kuu ya malaria. Wala mambo haya hayako mbali: badiliko mojawapo, liitwalo R561H, liliripotiwa Rwanda mwaka 2020, baadaye likaonekana Kagera, ng'ambo ya ziwa letu hili. Basi wiki tano mfululizo, kila nikiwasha taa kuangalia jeli, ambamo DNA huonekana kama mstari, safu ya maji ilikuwa na mstari. Maji matupu, niliyoyaweka makusudi ili yasionyeshe kitu! Mstari wenyewe hafifu, lakini upo, usawa uleule na wa sampuli. Hapo kazi yote ya siku unaitupa.

Nikabadilisha maji. Nikafungua praima mpya, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala. Kimeng'enya nikaazima kwa majirani. Mstari upo. Mwisho nikabaini kwamba pipeti yangu ya kuchanganyia, kile kifaa cha kunyonyea matone, jioni nikishaondoka, mwenzangu huitumia kupakia jeli, yaani anaichovya kwenye DNA iliyokwisha kuzalishwa nakala kwa mamilioni. Tukaifunga utepe mwekundu, ikahamia chumba kingine. Maji yakarudi kuwa maji.

Hiyo ndiyo aya ya kwanza sasa.

Mengine ni makaratasi. Nilidhani bila uzamili hawakusikilizi; kumbe programu nyingi za Marekani za fani hii hupokea mwenye shahada ya kwanza, na mwaka wa kwanza unazunguka maabara kadhaa kabla ya kuchagua msimamizi. GRE, ule mtihani wa kujiunga na masomo ya juu, nyingi zimeiacha. Ada ya maombi waweza kuomba usamehewe, ila andika mapema. Na saa! Mwisho wa kutuma ni Desemba 1, saa 11:59 usiku wa kwao mashariki mwa Marekani, yaani dakika moja kabla ya usiku wa manane. Kwetu ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi ya tarehe 2.

Kilichonitesa ni barua ya tatu ya mapendekezo, ya profesa wangu. Mzee wa watu unamkumbushaje bila kumkosea adabu? "Shikamoo Profesa, samahani kukusumbua tena." "Marahaba. Nimeona." Kimya wiki mbili. Nikamfuata ofisini na andiko mkononi. Alipofika kwenye pipeti alicheka mpaka akavua miwani. Barua ikaingia usiku uleule.

Jana dada kanipigia tujaribie usaili. Swali la kwanza: "Wiki tano zote hizo, kwa nini hukuishuku pipeti?"

Nikanyamaza, kisha nikasema kweli: kwa sababu ilikuwa yangu, naisafisha mwenyewe kila asubuhi.

Akaguna. Kesho tunarudia saa tatu usiku, safari hii kwa Kiingereza.