Mshubiri wa Nyuma ya Jiko

Leo asubuhi nimehamisha vyungu vya mwisho kutoka barazani na kuvipanga upenuni, upande wa mashariki wa nyumba yetu hapa Chake Chake, kisiwani Pemba, ili masika yatakapoingia mwezi wa Machi yasiikute mimea yangu pale yalipoikuta mwaka jana.

Mwaka jana nilikwenda Unguja kwa shughuli za kifamilia, na siku moja kabla ya kurudi nikapita kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara. Nilifuata mche wa asumini, nikatoka na vikopo saba vya mimea midogo yenye majani manene yaliyojaa maji, mingi yake ikiwa ile iliyopangana majani kama waridi lililochanua, ambayo jina lake la kitaalamu ni Echeveria na kwao hasa ni Mexico. Nilivipakata ndani ya boti mpaka Mkoani, nimevifunika kwa upindo wa kanga visipigwe na upepo. Muuzaji alikuwa amenipa wasia mmoja tu, kwamba nisiinyweshe kila siku, na wasia huo niliushika. Sikufikiri kwamba katika kisiwa chenye mvua nyingi kama chetu, maji ya kuogopwa si ya kopo langu bali ni ya mbinguni.

Niliipanda kwa mapenzi makubwa. Nilichanganya udongo mweusi wa shambani na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, kisha nikaipanga kwenye ukingo wa baraza ili kila apitaye aione, na kwa wiki kadhaa kweli ilipendeza. Masika yalipoanza, makumbi yale yakanywa maji na kuyashikilia usiku na mchana, mizizi ikakosa hewa ikaoza. Naikumbuka asubuhi niliyoinama kuutazama ule mkubwa kuliko yote: jani la chini, lililokuwa la kijani chenye vumbi jeupe, lilikuwa limegeuka manjano na kuangaza kama ngozi ya zabibu. Nililigusa kwa ncha ya kidole tu, likaachana na shina, na maji yakanichuruzika kiganjani. Kati ya saba, ilinusurika miwili.

Mama alinikuta nimesimama pale. Akaniuliza, "Mwanangu, mshubiri wangu umeuangalia?"

Mshubiri wake uko nyuma ya jiko, ndani ya mtungi uliovunjika shingo, tangu mimi sijaanza chuo. Utomvu wake ndio aliojipaka alipomwachisha ziwa mdogo wangu, na uchungu wake sote tumeuonja. Siku ile niliutazama kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. Mtungi una ufa chini, maji hayakai. Juu yake unapita ukingo wa makuti, kwa hivyo mvua kubwa haiufikii ila kwa matone, ilhali jua la asubuhi linaupata lote. Udongo wake ni kichanga na vipande vya mawe. Hata jamaa zake wako hapa hapa kwetu, kwani upo mmoja unaoitwa Aloe pembana, uliopewa jina la kisiwa hiki.

Baadaye nilisoma kwamba mingi ya mimea hii hufungua vitundu vya majani yake usiku, wakati wa baridi, ikavuta hewa inayoihitaji, kisha huvifunga mchana ili maji iliyoyaweka yasipotee. Mmea uliojiwekea akiba namna hiyo haudai maji kila mara. Unadai udongo unaokauka upesi. Sasa ninachanganya mchanga wa kujengea sehemu mbili na kokoto ndogo sehemu moja, pamoja na samadi kuukuu kiasi cha konzi. Mchanga wa pwani siutumii kwa sababu ya chumvi yake. Vyungu ni vya udongo vya kufinyangwa, ambavyo naona vinaipendeza mimea hii kuliko makopo ya rangi kali, na kila kimoja kina tundu. Kile kizuri kuliko vyote nimekikalisha juu ya mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu bibi, ambayo ulimi wake ulikwishang'oka, na vidogo nimevipanga juu ya sinia chakavu nililolitoboa.

Jani moja la ule mkubwa uliokufa, lililokuwa bado zima, nililiweka kivulini juu ya kizingiti cha dirisha. Lilikaa kavu siku nyingi, kisha penye kikonyo chake pakatoka mizizi myembamba ya waridi kama nyuzi, na juu yake kijichipukizi kisichozidi punje ya mtama. Leo kimefikia upana wa kifungo cha shati, na jani lililokizaa limesinyaa likabaki gamba. Mama amekiomba akakiweke nyuma ya jiko, karibu na mtungi wake. Nimemchagulia chungu chenye tundu kubwa.