Tone moja la supagluu ndani ya bawa

Rangi ilishakauka. Nikaishika ndege yangu ya mfano mkono mmoja, nikainua eleveta ya mkiani, kile kibao kinachoipandisha na kuishusha ndege, kwa kidole, nikaiachia. Haikushuka. Ilibaki pale juu kama imegandishwa, na kwa kweli ilikuwa imegandishwa.

Hii si ndege ya rimoti. Unasimama katikati ya uwanja, nayo inakuzunguka kwenye nyaya mbili za chuma. Zangu zina mita 18. Ukikunja kiganja, waya mmoja unavutika, na ndani ya bawa kuna belkranki, kidude cha nailoni chenye pembe tatu, kinachougeuza mvuto huo uende mkiani. Vyote vikicheza kwa ulaini, eleveta huanguka yenyewe kwa uzito wake. Yangu ilihitaji kusukumwa.

Kosa nalijua. Plaiwudi iliyoshika bolti ya belkranki ilikuwa imara tayari, nami nikaiongezea tone la supagluu, ile nyepesi kama maji, eti kwa usalama. Ikatambaa hadi kwenye tundu la bolti. Nikafunika bawa bila kujaribu.

Kwanza nilivuta nyaya kwa nguvu labda mara hamsini. Ikalegea kidogo, na hiyo ndiyo mbaya zaidi: inakwama, halafu inachomoka ghafla, na angani ndege inarukaruka kama mbuzi.

Basi nikalipasua bawa. Nilimulika tochi upande wa pili mpaka vivuli vya mbavu, vile vibao vya ndani vinavyolipa bawa umbo, vikaonekana, nikakata dirisha kati ya mbavu mbili, upande wa chini, wembe nikiwa nimeulaza ili kipande kirudi kama kifuniko cha sufuria. Asetoni kwenye pamba ilikula rangi ya nje kuliko ilivyokula gundi. Mwishowe nilifungua bolti yote, nikakwangua tundu kwa biti ya drili niliyoizungusha kwa vidole, nikaweka bolti mpya, washa (kile kipete bapa cha bolti) juu na chini, na tone la mafuta. La mafuta, safari hii.

Eleveta ikaanguka yenyewe.

Kabla ya kuirusha niliivuta kwa mizani ya kupimia mabegi ya safari: ndege ina gramu 900, nikavuta hadi kilo 9, mara kumi ya uzito wake, nione kama nyaya na bolti vinahimili. Mke wangu akapita, akatazama. “Baba Neema, hiyo mizani tunaitaka Ijumaa.”

Kiraka kipo. Ndege ikipita utosini nakiona, rangi haijafanana.